Kalamu Moja, Mikono Arobaini

Zana za kuandika kwa pamoja ni vifaa vidogo vilivyomo ndani ya programu za mikutano ya mtandaoni, ambavyo humwezesha kila aliyehudhuria, na si msemaji peke yake, kuandika neno, kuchora mstari, kupaka rangi au kugonga mhuri wa vema, wa kosa, wa nyota au wa moyo juu ya kile kinachoonyeshwa kwa wakati huo. Zana hizo ni za aina kuu mbili. Ya kwanza inaweza kuitwa utando, yaani tabaka lisiloonekana linalotandazwa juu ya skrini ya msemaji ili wengine waandike juu yake bila kuigusa hati iliyo chini. Ya pili ni ubao wa pamoja, ambao ni uwanja mtupu wa kubandikia vijikaratasi vya rangi, kuvihamisha, na mara nyingi kuvipoteza. Vitabu vya mwongozo husifu aina zote mbili kwa kuwa huyafanya mafunzo kuwa shirikishi, na sifa hiyo ni ya haki, isipokuwa kwamba vitabu hivyo havielezi ushiriki wenyewe hufanana na nini pindi unapowasili. Insha hii inakusudia kuziba pengo hilo.

Kwa sehemu kubwa ya historia yake, uchoraji juu ya skrini ulikuwa kazi ya mtu mmoja. Kifaa cha kuchorea juu ya picha ya televisheni, kijulikanacho kama Telestrator, kilibuniwa na mwanafizikia Mmarekani Leonard Reiffel, na kikapata umaarufu mwaka 1982 pale John Madden, kocha wa zamani aliyegeuka mtangazaji, alipokitumia kuchambua fainali ya soka ya Kimarekani, Super Bowl. Wachambuzi wa kandanda ambao leo humzungushia duara beki aliyesimama akishangaa huku mshambuliaji akimpita ni warithi wake halali. Madden alichora alivyotaka, na katika mamilioni ya watazamaji waliokuwa nyumbani hakuna hata mmoja aliyeweza kumfutia mshale au kumchorea chura pembeni.

Wazo la watu wawili kushirikiana skrini moja lilikwisha kuonyeshwa hadharani hata kabla ya hapo, tarehe 9 Desemba 1968 mjini San Francisco, ambapo Douglas Engelbart, mbele ya wataalamu wa kompyuta wapatao 1,000, alifanya kazi kwenye skrini moja na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, umbali wa kilomita 48 hivi. Onyesho hilo, lililodumu kwa takriban dakika 90, lilikwenda vizuri na hadi leo linatajwa kwa heshima. Mtafiti makini, hata hivyo, hatakosa kutambua kwamba walioshika skrini hiyo walikuwa wawili tu, kwamba wote wawili waliufahamu mfumo huo kwa kuwa ulikuwa kazi ya mikono yao, na kwamba mmoja wao ndiye aliyebuni kipanya. Mafunzo ya siku hizi huwa na washiriki arobaini, ambao baadhi yao wameingia kwa simu ya mtoto, na mmoja wao ameingia mara mbili na anajijibu mwenyewe kwa mwangwi.

Msukumo mkubwa ulikuja mwaka 2020, wakati Kenya na Tanzania zilipofunga shule katikati ya mwezi Machi kwa sababu ya UVIKO-19 na mikusanyiko ya kila namna ikatafutiwa pa kuhamia. Programu ya Zoom, iliyokuwa na washiriki wa mikutano wapatao milioni 10 kwa siku mnamo Desemba 2019, ilitangaza kuwa idadi hiyo imefika milioni 300 ilipofika Aprili 2020. Katika msafara huo bangokitita, yaani lile rundo la karatasi kubwa lililobanwa juu ya fremu ya miguu mitatu, liliachwa kwenye kona ya ukumbi pamoja na kalamu rashasha zake, ambazo nyingi zilikuwa zimekauka tangu zamani lakini zilikuwa zikirudishwa kwenye boksi kwa heshima. Itifaki ilihamia mtandaoni salama, neno la ufunguzi likahamia, neno la shukrani likahamia, na picha ya pamoja nayo ikapatikana kwa kuwaomba watu wote wawashe kamera na kutabasamu. Ni chai ya saa nne tu iliyobaki nyuma, na wapo wachambuzi wanaoamini kwamba ari ya washiriki ilibaki nayo.

Kwa kuwa ari ilibaki nyuma, ilibidi itafutwe. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil ambaye kitabu chake Pedagogia do Oprimido kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1970, aliikosoa elimu aliyoiita ya kibenki, yaani ile inayomgeuza mwanafunzi kuwa akaunti ya kuwekewa maarifa na mwalimu. Semina ya mtandaoni imeongeza tatizo ambalo Freire hakupata nafasi ya kulijadili, nalo ni kwamba mwenye akaunti anaweza kuwa amekwenda kukaanga vitunguu, akiwa ameacha kwenye kisanduku chake picha aliyopiga harusini. Mwezeshaji huuliza, "Tuko pamoja?" na kimya kinachofuata huwa kirefu kiasi cha kumfanya aangalie kama intaneti yake bado ipo, hadi mshiriki mmoja, ambaye siku zote ni yuleyule, aandike "Tuko pamoja sana mwezeshaji" kwa niaba ya wengine thelathini na tisa ambao hawakumtuma. Kalamu ya pamoja ilikusudiwa kuuvunja ukimya huo, kwa hoja kwamba ni rahisi kusema "tuko pamoja" ukiwa jikoni lakini ni vigumu kuweka alama kwenye picha usiyoitazama.

Namna hoja hiyo inavyofanya kazi huonekana vizuri ikichukuliwa mfano wa mafunzo ya usafi wa chakula kwa mama lishe na baba lishe. Mwezeshaji anaonyesha picha ya jiko lenye ndoo ya maji isiyofunikwa, kisu cha nyama mbichi kilicholazwa juu ya kachumbari, mpishi mwenye kidonda kidoleni, na paka aliyejikunja chini ya meza, kisha anawaomba washiriki wazungushie kila wanachokiona kuwa ni hatari. Kwa kuwa rangi ambayo kalamu hizi huja nayo kabla ya kubadilishwa aghalabu ni nyekundu, na kwa kuwa hakuna anayeibadilisha, skrini inajaa ghafla wino uleule ambao wengi walidhani wameachana nao walipomaliza darasa la saba. Baada ya dakika moja paka ana maduara kumi na moja, ndoo ina manne, kidonda kimegunduliwa na mtu mmoja mwenye macho makali, na mshiriki mwingine, badala ya kuhangaika na hatari mojamoja, amemzungushia mpishi mzima, akamchorea mshale na kuandika "HUYU".

Kwa kigezo chochote cha ualimu zoezi hilo limefaulu, na mwezeshaji, akiwa amejaa furaha, anabonyeza kitufe cha slaidi inayofuata. Hapo ndipo utando hudhihirisha tabia yake. Kwa kuwa umelala juu ya skrini na si ndani ya hati, utando haujui kwamba slaidi imebadilika, na kila kilichoandikwa hubaki palepale huku kilicho chini yake kikiondoka. Slaidi inayofuata ni picha ya mgeni rasmi akifungua awamu ya kwanza ya mradi. Maduara ya paka yameangukia tumboni, duara la kidonda limekaa puani, na neno "HUYU", pamoja na mshale wake, linamwelekea usoni bila kupepesa. Mgeni rasmi yumo mkutanoni na amewasha kamera. Wakati mwezeshaji akitafuta kifutio kwenye menyu ambayo imejificha nyuma ya orodha ya washiriki, watu watatu, wakidhani hilo ni zoezi la pili, wanaendelea kuzungushia.

Dawa ya msiba huo inajulikana nayo ni kufuta kabla ya kusonga mbele, ila dawa yenyewe ina madhara yake. Menyu ya kufuta kwa kawaida huwa na vitufe vilivyopangwa kwa ukaribu wa hatari: kimoja hufuta michoro ya aliyekibonyeza, kingine hufuta ya washiriki, na kingine hufuta ya wote. Mwezeshaji anayekusudia kuondoa mstari wake mmoja uliopinda anaweza, kwa kuteleza kwa kidole, kuyeyusha kazi ya vikundi vinne iliyochukua nusu saa, na kinachofuata huwa ni ukimya ambao safari hii haumaanishi kwamba watu wako jikoni. Ndiyo maana wazoefu huhifadhi picha ya skrini kwanza, wakafuta pili, wakasonga tatu, na kuomba radhi mara chache zaidi.

Washiriki wanaotumia simu hukabiliwa na tatizo la aina yake. Zana ya kuchora ikishawashwa kwenye simu, kila mguso wa kidole hugeuka wino, kwa hiyo mtu anayetaka tu kusogeza skrini ili aone upande wa pili hujikuta amepitisha mstari mrefu katikati ya grafu ya mapato, na anapojaribu kuusukuma mstari huo uondoke huzaa wa pili. Mwezeshaji aliyefunzwa kuthamini kila mchango hulichukulia jambo hilo kwa uzito unaostahili na kusema, "Naona mwenzetu anatuonyesha mwelekeo wa kushuka katika robo ya tatu, hebu atufafanulie." Mwenzao, ambaye alikuwa akitafuta kitufe cha kutokea ili apokee simu ya mwenye nyumba, hufungua maikrofoni na kukubali kwamba ni kweli, hali si nzuri, hasa katika robo ya tatu.

Kisanduku cha maandishi nacho hakiaminiki zaidi ya kalamu. Mshiriki anayefuatilia semina huku akiendesha nyumba kwa ujumbe mfupi huwa na mahali pawili pa kuandikia, na vidole havibagui. Hivyo slaidi yenye kichwa "Malengo ya Mafunzo", ambayo kwa robo saa haikupata swali wala maoni, inaweza kutokewa chini ya lengo la tatu na maneno haya: "Mama Juma usizime jiko maharage bado." Kinachofuata kinastahili kuchunguzwa na wataalamu wa elimu ya watu wazima. Mihuri ya vema inaanza kudondoka, mioyo inafuata, mtu anaandika "weka nazi mwishoni", mwingine anapinga kwamba nazi ya mwishoni huharibu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kuna mjadala wenye pande mbili, hoja na ushahidi. Anayeliona tukio hilo kama utovu wa nidhamu amekosa somo lililomo ndani yake: watu wale hawakuwa wagumu wa kushiriki, bali walikuwa hawajaulizwa jambo wanalolijua. Swali linalosema "Mna maoni gani kuhusu malengo haya?" halina pa kushikwa, ilhali swali linalosema "Weka alama kwenye lengo ambalo kwenye kituo chako halitekelezeki" hujibiwa hata na mtu mwenye mwiko mkononi.

Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, si cha kiufundi. Miongoni mwa mazoezi yanayopendwa ni mstari wa maoni, yaani mstari mmoja uliochorwa kutoka "sikubali kabisa" upande wa kushoto hadi "nakubali kabisa" upande wa kulia, ambao kila mshiriki hugonga mhuri wake mahali panapolingana na msimamo wake. Katika ofisi yenye watu wa rika moja na cheo kimoja mstari huo hufanya kazi vizuri. Akiwapo mkurugenzi, hakuna mhuri unaogongwa kabla ya wake, kwa kuwa heshima hairuhusu mtoto kunawa kabla ya mkubwa. Mkurugenzi naye anatafuta miwani, kisha anatafuta zana, kisha anamwita katibu muhtasi amsaidie, na hatimaye, kwa kubonyeza mahali pasipokusudiwa, anaweka mhuri wake juu kabisa kwenye kona ya skrini, katikati ya nembo ya taasisi, mbali na mstari wenyewe. Baada ya sekunde chache mhuri wa naibu wake unatua kando ya nembo. Unafuata wa mhasibu, wa afisa ugavi, na wa idara nzima ya utawala, hadi nembo haionekani na mstari wa maoni umebaki mtupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwezeshaji anayetakiwa kutafsiri matokeo hayo hana budi kusema kwamba taasisi ina mshikamano.

Wazoefu hulikabili tatizo hilo kwa kuagiza watu wote wagonge mihuri yao kwa pamoja baada ya kuhesabu moja, mbili, tatu, na kwa kuficha majina, kwa kuwa programu nyingi humruhusu mwendeshaji kuchagua kama jina la mchoraji lionekane au la. Majina yakifichwa, ukweli hutoka: mtu ambaye kwa muda mrefu amekuwa akisema "hakuna shida" hugonga mhuri wake upande wa kushoto kabisa, tena mara mbili. Lakini pazia hilohilo huwafungulia mlango wachoraji. Katika kila kundi la watu wazima wenye shahada, familia na mikopo ya benki, yumo mmoja ambaye akipewa kalamu isiyoandika jina lake atachora masharubu, na hakuna utafiti wa usuli wala fomu ya maombi inayoweza kumtambua mapema. Akiulizwa aliyechora ni nani, skrini nzima huwa kimya, na kamera mbili huzimwa.

Njia ya kati ni gridi, yaani slaidi iliyogawanywa visanduku vyenye majina, ambapo kila mshiriki huandika ndani ya chake tu. Njia hii huwapa watu mahali pao na huonyesha mara moja nani hajaandika, jambo ambalo huwarudisha wengi kutoka jikoni. Kasoro yake ni kwamba maandishi huanza pale mtu alipobonyeza na kuendelea kulia bila kuheshimu mistari, hivyo mwenye jibu refu hujikuta amevamia kisanduku cha jirani na kukalia jibu lake. Jirani hulalamika, mvamizi hudai kwamba alianza kuandika kwanza, shahidi hupatikana katika safu ya tatu, na semina ya usimamizi wa miradi hugeuka shauri la mpaka ambalo baraza la ardhi la kata lingelipokea bila kushangaa. Slaidi yenye visanduku vipana na agizo la kutumia maneno yasiyozidi matatu huokoa muda mwingi kuliko hotuba juu ya ujirani mwema.

Lipo pia jambo lisilo na utani ndani yake. Michoro inayowekwa juu ya utando haisomwi na programu za kumsomea mtu asiyeona, na kwenye simu yenye skrini ndogo maandishi ya wenzake huonekana kama vumbi. Mwezeshaji anayesoma kwa sauti kila kinachotokea, akisema nani kaweka alama wapi na nini kimeandikwa chini yake, huwaingiza ndani ya zoezi watu ambao zana yenyewe ilikuwa imewaacha nje, na anapofanya hivyo hugundua kwamba hata wenye macho mazuri walikuwa hawaoni vizuri kama walivyodai.

Baada ya yote hayo huja ripoti. Mfadhili huhitaji ushahidi kwamba mafunzo yalikuwa shirikishi, na ushahidi unaokubalika ni picha ya skrini iliyohifadhiwa na kuambatanishwa mwishoni. Hapo mwandishi wa ripoti huwa na picha mbili za kuchagua. Ya kwanza ni safi: slaidi imekaa sawa, herufi zinasomeka, na pembeni kuna alama moja ya vema, ndogo na ya adabu, iliyowekwa na yule mshiriki wa siku zote. Ya pili ina mistari iliyopinda, ushauri wa maharage, mihuri iliyorundikana penye nembo, na masharubu kwenye uso wa mchoro wa mkulima wa mfano. Karibu kila mara huambatanishwa ya kwanza, kwa sababu inafanana na kazi iliyofanywa na watu makini.

Uamuzi huo hauna mashiko kitaalamu. Skrini isiyo na doa haithibitishi umakini, kwa kuwa hivyo ndivyo skrini hubaki pia pasipokuwa na mtu hata mmoja anayeitazama, na hakuna mkaguzi anayeweza kutofautisha hali hizo mbili kwa kuangalia karatasi. Skrini iliyochafuka, kwa upande wake, haiwezi kughushiwa na watu waliolala: aliyezungushia paka alikuwa amemwona, aliyebishana kuhusu nazi alikuwa na msimamo, na aliyechora masharubu, hata kama jina lake halitajulikana kamwe, angalau alikuwa ameangalia kwa makini mdomo uko wapi.